Mjane Aliyeoa

Magdalene, mke wa shemeji yangu Fanuel, alikuwa na tabia ya kusikia vitu kabla sisi wengine hatujavisikia. Asubuhi za ukungu tulikaa jikoni, dirisha limejaa weupe mtupu, naye angeinua kidole na kusema, "Linakuja." Sisi hatukusikia kitu. Kisha, polepole, basi namba hamsini lingetokeza katika ule weupe na taa zake zote za ndani, kama nyumba iliyoamua kuhama, lipite mbele yetu kuelekea madukani Kings Heath, na ukungu ufunge tena nyuma yake. Magdalene angeendelea kutazama pale lilipopotelea, chai yake ikipoa.

Ninaandika habari zake kwa sababu zimesimuliwa vibaya. Nimesikia, hapa Birmingham na nyumbani Maragoli, kwamba nyumba ya Mzee Kidaha ilishindwa kumtunza mjane wake, na kwamba Magdalene aliolewa ovyo tu huku Ulaya na kondakta wa basi. Mzee Kidaha alikuwa miongoni mwa walimu wa kwanza wa shule ya kanisa la Marafiki kijijini kwetu, na jina lake si la kutajwa hivyo. Mimi ni mjane wa mwanawe wa kwanza. Barua zote za jambo hili nilizisoma mimi, na nyingi niliziandika mimi.

Mume wangu alikuja kusoma katika chuo kimoja cha Selly Oak mwaka 1964, nami nikamfuata. Miaka miwili baadaye akaja ndugu yake Fanuel, pamoja na Magdalene aliyekuwa amepata nafasi ya kujifunza uuguzi. Binti yao, Roselyne, alizaliwa hapa mwezi wa Novemba. Januari 1969 Fanuel alishikwa na homa ya mapafu, na katika siku tisa akawa ametutoka. Tulimzika hapa, kwenye theluji. Kwa mama mkwe wetu, aliyekuwa nyumbani, kifo hicho kilibaki kama uvumi, maana hakuuona mwili wala hakutupa udongo. Mwaka uliofuata mume wangu naye alianguka darasani akifundisha, na hakuinuka.

Basi tukabaki wajane wawili katika nyumba ya matofali mekundu aliyoinunua mume wangu, sisi tulioolewa boma moja. Mimi Mungu hakunijalia mtoto. Roselyne alikuwa ndiye mtoto pekee wa ndugu wale wawili, na alituita mmoja Mama na mwingine Mama Mkubwa. Ukimsemesha Kiswahili alielewa kila neno, akakujibu Kiingereza. Watoto wote waliozaliwa hapa walikuwa hivyo.

Bibi Petronila aliingia nyumbani kwetu Februari 1972, majuma yale umeme ulipokuwa ukikatwa. Aliingia ndani ya daftari.

Katika wadi ya Magdalene alilazwa mama mmoja mzee wa Kiingereza, mwalimu mstaafu wa historia, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha. Miaka arobaini mama huyo alikuwa akikusanya habari za mwanamke mmoja wa kikabaila wa zamani sana, Petronila, aliyechongwa kwa jiwe juu ya kaburi lake katika kanisa dogo kusini mwa mji. Alichokipata alikiandika daftarini. Kila alasiri, kazi zikipungua, Magdalene aliketi kando ya kitanda akamsomea maandishi yake mwenyewe. Mama yule alipofariki, ndugu zake wakasema daftari abaki nalo yule muuguzi Mwafrika, kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka.

Jumapili, baada ya ibada, nyumba yetu ilikuwa mahali pa kukutania watu wa Kiswahili. Harbans Kaur alikuja na sufuria yake ya dengu iliyofungwa kwa taulo. Alizaliwa Kisumu, mumewe akaihamisha familia kuja Sparkbrook mwaka 1968, na alisema kila wiki kwamba Kiingereza kinamchosha taya. Na alikuja Barnabas Mwinjuma, mtu wa Muheza huko Tanzania, kondakta wa lile basi namba hamsini. Tulimjua siku alipopita kukata tiketi akamsikia Magdalene akimkemea mtoto. Akainama, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mwache bwana, mama, kiti chenyewe kina springi, ndicho kinachomrusha." Magdalene alishtuka hata akaangusha nauli yake yote sakafuni.

Ilikuwa mbele ya watu hao, mshumaa ukiwaka juu ya meza ijapokuwa ni saa kumi tu ya jioni, Magdalene alipoanza kutusimulia yaliyomo daftarini.

"Alikuwa mtoto wa pekee," alisema. "Baba yake alikuwa na ardhi na msitu na kinu cha maji. Wakati huo Birmingham hii yote ilikuwa soko dogo tu, na huku Kings Heath ni nyika."

"Hakuna basi?" Barnabas akauliza.

"Hakuna basi."

"Basi nisingekuwa na kazi."

"Ungelisha nguruwe," Harbans akamwambia. "Nyamaza, mwache aseme."

"Walimwoza akiwa na miaka kumi na miwili, kwa askari wa farasi mwenye umri wa babu yake. Alipelekwa siku ya mvua, mwanasesere wake amefichwa ndani ya joho. Yule mzee alimtazama akasema, mwekeni mahali penye joto. Kisha akaenda vitani Ufaransa, akafa huko. Petronila aliambiwa na mpishi."

"Akawa mjane kabla ya kuwa mke," nilisema.

"Ndiyo, dada. Na mjane kijana mwenye ardhi alikuwa wa mfalme, kumpa amtakaye. Mfalme akampa kabaila mmoja aliyemsaidia vitani. Petronila hakuulizwa. Huyo wa pili alikaa naye, Petronila akamzalia binti, na mume huyo kila jioni alikula chakula chake bila kuinua macho. Miaka saba. Homa ikamchukua."

"Halafu?" akauliza Roselyne, kwa Kiingereza, kutoka chini ya meza.

"Halafu mama ana shifti," Magdalene akasema, akainuka kuvaa koti.

Hivyo ndivyo tulivyompata Petronila, kidogo kidogo, Jumapili hadi Jumapili. Baada ya muda Magdalene alimtaja kama mtu tunayemjua, mama wa ng'ambo ya kilima. Akipiga pasi yunifomu yake angesema, "Petronila alikuwa na madirisha membamba, hayana kioo. Baridi iliingia kama hii yetu." Akishuka kwenye basi alfajiri, akitoka kazini, alisema aliona nyika pale palipo na maduka, na mbweha akivuka. Sikumcheka. Mtu aliyempoteza mume akiwa na miaka ishirini na tisa ana haki ya kutembea anakotaka akilini mwake, mradi yunifomu iwe safi na mtoto awe amekula.

Masika ya 1973 tulikwenda kumwona Petronila. Tulikuwa wanne, Magdalene na mtoto, mimi, na Barnabas aliyekuwa na siku ya mapumziko. Kanisa lilikuwa katikati ya shamba la kijani, mlango wake mdogo kama wa ghala. Ndani palikuwa na baridi ya kisimani na harufu ya nta. Alilala pale ukutani, mikono ameikunja kifuani, pua yake imelika kidogo, na mbwa mdogo wa jiwe miguuni. Ubavuni mwa kaburi zilichongwa ngao tatu za waume zake. Ya kwanza ilikuwa na simba, ya pili mistari. Ya tatu ilikuwa tupu, ila jani moja la mti.

Pale Magdalene akatumalizia hadithi, kwa sauti ya chini, kana kwamba asimwamshe.

"Mfalme alituma watu wawili. Mmoja aje kumwambia kwamba amekwisha kupatiwa mume wa tatu. Wa pili aje kumchukua binti. Kwa sheria ya siku zile mtoto wa kabaila aliyekufa hakuwa wa mama yake, alipewa mtu mwingine amlee na kula mashamba yake. Petronila hakulia mbele yao. Alichukua farasi wawili weupe, na kipanga wake wa kuwindia, ambaye alimlisha kwa mkono tangu hajaota manyoya, akaenda mpaka msituni mfalme alikokuwa akiwinda. Akapiga magoti kwenye majani yaliyooza. Akasema, chukua hawa, unipe maneno mawili yaliyoandikwa. Kwamba sitapewa mume ila nimtakaye mwenyewe, na kwamba binti yangu asitoke kwangu."

"Akapewa?" Barnabas akauliza.

"Mfalme alimtazama yule kipanga muda mrefu. Akacheka. Akampa. Naye akarudi, akamchukua mtunza msitu wake, mtu asiye na ukoo wa kutajwa. Ndiye huyu wa jani. Yeye ndiye aliyehamia kwa Petronila, akaitwa kwa jina la nyumba ya mke wake mpaka alipokufa."

Roselyne alikuwa akilipapasa lile jani. Siku hiyo alikuwa amejitahidi kusema Kiswahili tangu asubuhi, ili Barnabas amsifu. Akauliza, "Kwa hiyo huyu bibi alioa mara tatu?"

Barnabas akacheka mpaka sauti ikazunguka paa. "Mwanamke haoi, Rozi! Mwanamume huoa, mwanamke huolewa."

"Kwa nini?"

"Ndivyo Kiswahili kilivyo."

"Kwa Kiingereza ni neno moja tu," mtoto akasema, uso umemwiva.

"Msimcheke," Magdalene akasema. Alikuwa amesimama kwenye kipande cha mwanga kilichotoka dirishani, mwanga wa rangi ya asali, na kwa muda ilikuwa vigumu kujua wapi anaishia yeye na wapi linaanzia jiwe. "Mara mbili aliolewa. Mara ya tatu alioa."

Tukatoka, tukarudi kwenye kituo cha basi.

Mwezi wa Septemba Barnabas alikuja kwangu amevaa suti, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mwalimu," alisema, maana wengi waliniita kwa kazi yangu ya zamani, "hapa sina mjomba wala shangazi wa kunisemea. Nimekuja na mdomo wangu mwenyewe. Nataka kumwoa Magdalene."

"Yeye anasemaje?"

"Anasema nikuulize wewe."

Nilimwambia kwamba sisi tuna nyumbani, na nyumbani ndiko kunakoulizwa. Alikubali kwa heshima. Siku hiyo hiyo nilimwandikia Jairus, ndugu yao wa tatu, aliyekuwa mkuu wa familia baada ya mume wangu. Niliandika kwa uangalifu kwamba Magdalene amepata mtu mwenye kazi na mwenye adabu wa kumwoa, na kwamba anaomba ruhusa ya kuolewa.

Jibu lilifika baada ya majuma matatu.

"Kuolewa si dhambi," Jairus aliandika, "na sisi ni watu wa kanisa, hatumrithi mjane kama watu wa zamani. Lakini anayeolewa hutoka. Magdalene akitoka, atatoka peke yake. Roselyne ni damu ya Fanuel, hawezi kupelekwa katika nyumba ya mtu mwingine akaitwa kwa jina lake. Kabla ya arusi, apandishwe ndege aje kwa bibi yake. Mama anasema yeye hakumzika Fanuel. Mkimpa mtu mwingine mtoto wake, mtakuwa mmemzika mara ya pili, naye tena hayupo."

Sitaficha kwamba niliisoma barua ile nikaona Jairus hakukosea. Jina la nyumba likitawanyika ugenini halikusanywi tena, na nilimfikiria mama mkwe wangu ameketi barazani akingoja kaburi asilolijua. Niliiweka barua mezani mbele ya Magdalene. Akaisoma mara moja, akaikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama bahasha ya dawa.

"Basi sitaolewa," alisema.

Alimwambia Barnabas hivyo hivyo Jumapili iliyofuata, ukumbini, kabla hajavua kofia. Tulisikia sote.

"Sikukatai. Lakini simpandishi mwanangu ndege peke yake kama kifurushi."

"Nani amekuomba umpandishe?" Barnabas akasema. "Mimi sina haraka. Basi langu linapita hapa kila siku."

"Usipitie hapa kwa ajili yangu."

"Njia haikupangwa na mimi, Magdalene."

Majira ya baridi yale Magdalene alipungua. Hakusimulia tena habari za Petronila. Asubuhi alikaa jikoni, na basi lilipokuja hakuinua kidole. Sote tulilisikia kwa masikio yetu, likipita. Yeye aliutazama mkono wake. Nilidhani yatapita.

Roselyne alikuwa na desturi ya kumwandikia bibi yake kila mwezi. Mimi ndiye niliyemwekea desturi hiyo, kwa Kiswahili, maana mama mkwe wangu alikaa Kisumu miaka mingi na anakisikia vizuri. Mtoto aliandika kwa penseli, mimi nikasahihisha kwa wino mwekundu, naye akanakili upya. Hakuna barua iliyotoka katika nyumba ile ikiwa na kosa. Watu wa nyumba ya mwalimu hawaandiki ovyo.

Januari aliniletea karatasi hii:

"Bibi mpendwa, hujambo. Mimi sijambo. Mama anaoa Mjomba Barnabas lakini amesimama kwa sababu ya mimi. Mimi sitaki ndege. Mimi nataka kukaa na Mama na Mama Mkubwa. Mjomba Barnabas anaweza kukaa kwetu, chumba kiko, Mama Mkubwa anaweka masanduku tu ndani. Ni mimi, Roselyne Kidaha."

Nilichukua kalamu nyekundu. Makosa yalikuwa matano. Nilianza na lile kubwa, nikaweka ncha juu ya "anaoa". Magdalene alikuwa nyuma yangu akifunga vifungo vya yunifomu. Akashika mkono wangu. Hakuwahi kunishika mkono kabla ya siku hiyo, ila makaburini.

"Usilisahihishe, dada."

"Ni kosa, Magdalene. Watasema tumeshindwa kumfundisha."

"Waache waseme. Mimi ndiye niliyemwambia. Kule kanisani, mbele yako."

"Kule ilikuwa hadithi ya jiwe."

"Mimi nilitolewa kwetu nikiwa na miaka kumi na tisa," alisema, "na nilifurahi kutolewa. Fanuel alinioa na sikujuta hata siku moja. Lakini safari hii hakuna anayenitoa. Siendi popote. Niambie neno la Kiswahili la kusema hivyo, nitaliandika mimi."

Nilitafuta. Nilifundisha Kiswahili miaka kumi na minne kabla ya kuja huku, na nilitafuta. Nje theluji ilikuwa imeanza, ile nyepesi isiyojua kama itue. Kisha nikafunga kalamu. Barua ilikwenda ilivyo, kwa penseli, na makosa yake matano, na jina la Kidaha chini yake.

Wiki zile za kungoja nilibeba aibu yangu kimyakimya. Nilijua barua itasomwa barazani mbele ya watu.

Jibu lilikuwa la Jairus, mwandiko wake uleule ulionyooka, lakini maneno hayakuwa yake.

"Barua ya mtoto nilimsomea Mama," aliandika. "Nilipofika kwenye neno 'anaoa' nilisita, nikasoma 'anaolewa'. Akaniuliza, mbona umemeza mate? Nikasema mtoto amekosea. Akasema, nisomee kama alivyoandika. Nikamsomea. Alicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko. Tangu Fanuel afe hatukuwa tumemsikia Mama akicheka. Kisha akaniagiza nilete karatasi. Akasema niandike haya, na nisiongeze neno:

"Mwenye kuoa hahami. Mwenye kuoa huleta mtu nyumbani mwake. Kama Magdalene anaolewa, atatoka, nami nitamtaka mtoto wangu. Kama anaoa, hajatoka, na mtoto hajatoka, na jina la Fanuel liko mlangoni. Muulizeni huyo Mtanzania kama yuko tayari kuletwa. Akae katika nyumba ile ile. Mtoto asibadilishwe jina. Na akikubali, aniandikie yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa neno hilo hilo."

Magdalene aliisoma akiwa amesimama. Akaketi kwenye ngazi. "Neno lipi?" aliuliza, ingawa alijua.

Mwanamume kuambiwa ameolewa ni tusi katika Kiswahili chote ninachokijua, na Barnabas ndiye aliyekijua zaidi yetu. Nilimpa barua mkononi. Aliisoma, masikio yakamwiva.

"Kwetu Muheza," alisema, "mwanamume akihamia kwa mke, wanamtungia wimbo. Ngoma nzima inamwimba. Baba yangu atausikia akiwa shambani."

"Hakuna anayekulazimisha," Magdalene akasema.

"Najua. Ndiyo shida yenyewe." Akavaa kofia yake akaondoka.

Siku nane basi lilipita. Tulimwona nyuma ya basi, amesimama kwenye jukwaa lake la kupandia abiria, mkono kwenye nguzo, akitazama mbele. Magdalene alikwenda kazini na kurudi. Mara moja nilimkuta katika kile chumba cha masanduku, amekaa sakafuni gizani saa kumi na moja jioni, hafanyi lolote. Aliniambia alikuwa akimfikiria Petronila njiani kwenda msituni, kipanga kwenye mkono, kabla hajajua atajibiwa nini. "Daftari halisemi njia ilikuwa ya siku ngapi," alisema.

Siku ya tisa, Jumamosi, Barnabas alibisha mlango na kuomba wino. Aliandika mezani kwetu, dakika ishirini, akilinda karatasi kwa kiganja kama mtoto wa shule. Kisha akanisukumia. "Sahihisha, Mwalimu."

"Mama," ilisema, "mimi Barnabas mwana wa Mwinjuma, kwa akili zangu na kwa hiari yangu, nimekubali kuolewa katika nyumba ya Mzee Kidaha. Mtoto wa Fanuel nitamlea akiwa mtoto wa Fanuel."

Sikuwa na la kusahihisha.

Wiki moja kabla ya arusi akahamisha vitu vyake kutoka chumba alichopanga Sparkbrook, avipange chumbani, yeye mwenyewe alale kwa rafiki mpaka siku yenyewe. Alipanda barabara yetu kwa miguu, sanduku mkono mmoja na redio mkono mwingine. Harbans alikuwa amemngoja dirishani tangu asubuhi. Akafungua mlango akapiga kigelegele ambacho kiliwatoa majirani Waingereza kwenye chai yao.

"Bibi arusi huyo! Ameingia! Mbona halii? Bibi arusi analia, bwana, ndiyo heshima!"

"Nimelia njia nzima, Mama," Barnabas akasema. "Upepo umenikausha."

"Umeleta sufuria zako?"

"Nimeleta redio."

"Bibi arusi gani huyu, hana hata sufuria! Magdalene, mrudishe kwao!"

Magdalene alikuwa amesimama juu ya ngazi, mkono mdomoni, akicheka na kulia pamoja, na Roselyne akashuka mbio kuipokea redio.

Waliunganishwa Aprili 1974, katika nyumba ya ibada ya Marafiki wa hapa. Kwetu Maragoli Marafiki huimba mpaka madirisha yatetemeke. Hawa wa Birmingham hukaa kimya. Hawana padri wa kufungisha ndoa. Watu huketi wamezunguka, kimya, mpaka wale wawili wenyewe waone wakati umefika. Miaka ya kwanza kimya kile kilinitisha. Siku ile kilikuwa kama maji yanayopanda taratibu chumbani na kutuinua sote, viti na kofia na sari ya Harbans ya rangi ya zafarani. Nje kulikuwa na mvua laini. Nadhani ilipita nusu saa. Sikujua tena ni mwaka gani, wala ni nani kati yetu aliye hai na nani aliyetangulia. Nilihisi mume wangu yupo upande wangu wa kushoto, akipumua kama alivyopumua akisoma gazeti.

Magdalene alisimama wa kwanza. Barnabas akasimama. Kwa Marafiki mwanamume na mwanamke husema maneno yale yale, hakuna la huyu na la yule. Kila mmoja alisema mbele ya Mungu kwamba anamchukua rafiki yake huyu awe mwenzi wake. Wakaketi. Kimya kikatufunika tena.

Mwishoni waliiweka karatasi moja kubwa juu ya meza, ile ya ushuhuda wa ndoa. Desturi yao ni kwamba kila aliyekuwepo hutia sahihi, hata mtoto. Mzee mmoja wa Marafiki alimwita Roselyne apite mbele ya wakubwa, kwa kuwa jambo lilimhusu. Alipanda juu ya kiti, akashika kalamu. Kisha akageuka, akanitazama mimi.

"Mama Mkubwa," aliuliza kwa Kiswahili, na ukumbi mzima ukasikia, "niandike nani?"

Magdalene na Barnabas nao walikuwa wakinitazama.

"Andika jina lako lote," nikamwambia.

Akaandika polepole, herufi zimepanda kilima, ulimi nje ya midomo: Roselyne Fanuel Kidaha. Akaupulizia wino ukauke, akanipa kalamu, nami nikatia sahihi yangu chini ya yake.